Konstantin Tsiolkovsky: mwalimu kiziwi aliyewaza nyumba ya kuishi Mwezini

Marekani inapanga kupeleka watu Mwezini, na safari hii haitaki wakanyage na kuondoka, inataka wakae. China, ikishirikiana na Urusi, nayo ina mpango wake wa kujenga kituo huko. Kila habari hizi zinapopita kwenye taarifa zetu, swali linalobaki ni lile lile: watu hao wataishije? Huko hakuna hewa, hakuna kisima, hakuna mvua, hakuna hata mti wa kukaa chini yake.

Swali hilo lina umri wa zaidi ya miaka 130. Mmoja wa watu wa kwanza kulikalia chini kwa kalamu na hesabu alikuwa mwalimu wa shule katika mji mdogo wa Urusi, kiziwi, baba wa watoto saba, ambaye hakuwahi kusoma chuo kikuu. Jina lake ni Konstantin Tsiolkovsky.

Alizaliwa tarehe 17 Septemba 1857 katika kijiji cha Izhevskoye, mkoa wa Ryazan, kusini-mashariki mwa Moscow. Baba yake, Eduard, mwenye asili ya Poland, alikuwa ofisa wa misitu. Mama yake, Maria, ndiye aliyemfundisha kusoma na kuandika. Watoto walikuwa wengi na mshahara mdogo, na familia ilihama kila baba alipopata kazi mahali pengine.

Akiwa na umri wa miaka kama 10 aliugua homa kali, ile inayoleta vipele vyekundu mwili mzima na kuwasha koo. Alipona homa, lakini masikio hayakupona. Akabaki karibu kiziwi. Miaka michache baadaye, akiwa na miaka 13, mama yake akafariki. Shuleni hakumsikia mwalimu, akarudia darasa, na mwishowe akaondolewa. Hiyo ndiyo elimu yote ya darasani aliyopata.

Baba yake hakukata tamaa naye. Alimwona kijana akitengeneza vijigari na mashine ndogo kwa mikono yake, akisoma vitabu vya hesabu peke yake. Mwaka 1873, Konstantin akiwa na miaka 16, alimtuma Moscow akajiendeleze. Huko hakuingia chuo chochote. Aliingia maktaba. Kwa miaka mitatu alikaa kwenye maktaba ya umma tangu asubuhi, akajifundisha hesabu za juu, fizikia, kemia na elimu ya nyota. Mhudumu mmoja wa maktaba hiyo, Nikolai Fyodorov, ambaye mwenyewe alikuwa mwanafalsafa anayeheshimika, alimsaidia kupata vitabu. Fedha kidogo zilizotoka nyumbani alizitumia kununua vitabu na dawa za majaribio, yeye akiishi kwa mkate na maji. Baba aliposikia jinsi mwanawe alivyokonda, akamwita arudi nyumbani.

Mwaka 1879 alifanya mtihani wa ualimu kama mtahiniwa wa nje, akafaulu. Mwaka uliofuata akapangiwa kufundisha hesabu na jometri katika shule ya wilaya mjini Borovsk. Alijitengenezea pembe kubwa za bati, mdomo mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili, akawa anaziweka sikioni ili asikie majibu ya wanafunzi. Kwa sisi watu wa redio, ambao kazi yetu yote inapita masikioni, hapa tulisimama kidogo. Mwalimu asiyesikia darasa lake aliendelea kufundisha kwa karibu miaka 40.

Huko Borovsk alipanga chumba nyumbani kwa mchungaji wa kanisa mmoja, na mwaka huo huo wa 1880 akamwoa binti wa nyumba hiyo, Varvara Sokolova. Harusi haikuwa na sherehe. Walikwenda kanisani kwa miguu, na siku hiyo hiyo bwana harusi akanunua mashine ya kukereza ili aitumie kwenye majaribio yake. Hapo Varvara alishajua ameolewa na mtu wa namna gani.

Kuhusu majaribio hayo, mwanzo ulikuwa mchungu. Mwaka 1881 aliandika maelezo ya jinsi hewa na gesi zinavyofanya kazi, akayatuma kwa chama cha wanasayansi mjini Saint Petersburg. Akajibiwa kwamba kazi ni nzuri, ila mambo hayo yaligunduliwa na wengine miaka mingi nyuma. Kule mjini mdogo hakuwa na jarida wala mwenzake wa kumwambia. Mwaka 1887 nyumba waliyokuwa wakiishi ikashika moto, vitabu vyake na maandishi mengi yakateketea.

Ni katika miaka hiyo alipoandika hadithi yake kuhusu Mwezi. Ilichapishwa Moscow mwaka 1893, yeye akiwa ameshahamishiwa mji wa Kaluga, alikokaa mpaka kufa. Katika hadithi hiyo mtu mmoja anaamka na kujikuta yuko Mwezini pamoja na rafiki yake mwanafizikia. Ni hadithi fupi, na ukiisoma leo unaona mwandishi hakuwa anatafuta vituko. Alikuwa anafanya hesabu. Mwezini hakuna hewa, kwa hiyo mbingu lazima ziwe nyeusi hata mchana, na nyota hazimetimeti. Nguvu ya uvutano ni moja ya sita ya hapa kwetu, kwa hiyo mtu anaruka juu kama panzi. Fikiria gunia la mahindi la kilo 100: kule ungelibeba kama mzigo wa kilo 17 hivi.

Kisha kuna mchana na usiku. Kutoka jua kuchomoza hadi kuchomoza tena Mwezini ni siku zetu 29 na nusu. Maana yake jua linawaka wiki mbili mfululizo, kisha giza wiki mbili mfululizo. Mchana, katika maeneo ya ikweta ya Mwezi, joto hufika nyuzi 120 za Selsiasi, maji yangechemka. Usiku baridi hushuka chini ya nyuzi 130 chini ya sifuri. Hapa duniani hewa na mawingu hutufunika kama blanketi. Kule hakuna blanketi. Mtu anayetaka kujenga nyumba Mwezini anaanzia hapo.

Tsiolkovsky alielewa mapema kwamba kuna matatizo mawili, kufika na kuishi. Dunia inamkumbuka zaidi kwa lile la kufika, nasi tutalipitia haraka. Mwaka 1903 alichapisha makala iliyoonyesha kwa hesabu kwamba chombo kinachoweza kusafiri mahali pasipo na hewa ni roketi. Puliza puto kisha uliachie bila kulifunga: hewa inatoka nyuma, puto linakimbia mbele. Roketi ni hivyo hivyo. Alionyesha kwamba kasi yake inategemea kasi ya moshi unaotoka, na uwiano kati ya uzito wa roketi ikiwa imejaa na ikiwa tupu. Akapendekeza itumie hidrojeni na oksijeni zilizogandamizwa na kupozwa mpaka zikawa kimiminika. Hesabu hiyo bado inatumika kila roketi inaporushwa. Lakini mhariri wa jarida lililoichapisha alifariki mwaka huo huo, jarida likafungwa, na waliosoma makala walikuwa wachache.

Nyumba inayojitengenezea hewa

Tatizo la kuishi ndilo linalotuvutia zaidi sisi, kwa sababu jibu lake lilikuwa la mkulima.

Tuseme umepeleka watu wanne mahali pasipo na hewa. Unaweza kuwapa mitungi ya oksijeni, maji na chakula. Vitakwisha. Unatuma vingine, navyo vitakwisha. Tsiolkovsky aliangalia shamba akaona jibu liko mbele ya macho. Mtu anavuta oksijeni na kutoa hewa ukaa. Mmea, ukipata mwanga, unachukua hewa ukaa na kutoa oksijeni. Mtu anakula mmea, na kinachotoka kwa mtu kinarudi kuwa mbolea na maji ya mmea. Funga watu na mimea katika nyumba moja isiyopitisha hewa, weka upande mmoja wa kioo uelekee jua, na mzunguko unaendelea wenyewe.

Aliandika wazo hilo katika sehemu ya pili ya makala yake, mwaka 1911 na 1912, kisha akalichora kwa kirefu katika kitabu chake cha hadithi kilichotoka kikamilifu mwaka 1920. Humo wanasayansi wa mataifa mbalimbali wanaishi pamoja katika milima ya Himalaya, wanatengeneza roketi, wanakaa angani katika vitalu nyumba virefu vyenye mboga na matunda, na baadhi yao wanashuka Mwezini. Mwaka aliouchagua kwa hadithi hiyo ulikuwa 2017.

Jambo jingine alilolifikiria ni mlango. Ukifungua mlango wa nyumba iliyoko Mwezini, hewa yote inatoka mara moja. Jibu lake ni chumba kidogo chenye milango miwili. Unavaa vazi lisilopitisha hewa, unaingia chumbani, unafunga mlango wa ndani, hewa ya chumba hicho inanyonywa, ndipo unafungua wa nje. Kurudi ni kinyume chake. Inaonekana rahisi kama ukumbi mdogo wa kuzuia vumbi lisiingie sebuleni, lakini mtu wa kwanza kutoka nje ya chombo angani, Mrusi Alexei Leonov, tarehe 18 Machi 1965, alipita katika chumba cha namna hiyo. Wamarekani waliotua Mwezini kuanzia 1969 hadi 1972 hawakuwa nacho katika chombo chao cha kutulia. Kila walipotoka ilibidi watoe hewa yote ya ndani, na waliporudi vumbi la Mwezi liliingia nao, likagandamana kwenye mavazi na kila kitu. Vumbi hilo ni kali kama chembe za kioo. Leo wanaosanifu makao ya Mwezini wanahangaika nalo sana.

Tsiolkovsky mwenyewe, tuseme ukweli, hakuuona Mwezi kuwa mahali bora pa kuishi. Aliyapenda zaidi makazi yanayoelea kuizunguka Dunia, kwa sababu yangeweza kupata jua muda mrefu, bila ule usiku wa wiki mbili unaoua mimea. Alipendekeza yazungushwe taratibu ili watu wasielee ndani. Mwaka 1926 alitoa mpango wa hatua 16, kuanzia ndege zenye injini ya roketi mpaka watu kuenea mbali na Jua letu. Mavazi ya angani na bustani zimo katika mpango huo. Tunaona alikuwa na haki kuhusu usiku. Ndiyo maana wapangaji wa leo wanaitazama ncha ya kusini ya Mwezi: huko kuna vilele vinavyopata jua sehemu kubwa ya mwaka, na karibu yake kuna mashimo yasiyopata jua kabisa, yenye barafu inayoweza kuwa maji ya kunywa na oksijeni ya kuvuta.

Nani alilipa

Wakati mwalimu akipanga nyumba za angani, nyumba yake ya hapa chini ilikuwa na shida. Mshahara ulikuwa wa mwalimu, na sehemu yake ilikwenda kwenye mabati, gundi na gharama za kuchapisha vijitabu vyake mwenyewe. Mwaka 1897 alijenga mjini Kaluga sanduku la kupulizia upepo kwenye maumbo ya ndege, miongoni mwa ya kwanza nchini Urusi. Chuo cha Sayansi kilimpa rubli 470 kuendeleza majaribio hayo. Zaidi ya hapo msaada wa serikali ya mfalme ulikuwa haba.

Mwaka 1902 mtoto wao Ignaty, aliyekuwa mwanafunzi Moscow, alijiua. Mwaka 1908 mto Oka ulifurika ukaingia katika nyumba yao ya mbao na kuharibu vifaa. Mwaka 1911 binti yao Lyubov alikamatwa kwa harakati za kisiasa. Baada ya mapinduzi, mwaka 1919, yeye mwenyewe alikamatwa na polisi wa siri, akawekwa kizuizini Moscow kwa majuma kadhaa, kisha akaachiwa. Mwaka 1921 serikali mpya ikampa pensheni ya maisha, naye akaacha kufundisha.

Katika habari nyingi zinazoandikwa juu yake, Varvara anatajwa kwa mstari mmoja. Kwetu hiyo haitoshi. Kulea watoto saba kwa mshahara uliokwishaliwa na mabati, kuzika, kukausha nyumba baada ya mafuriko, hizo zilikuwa kazi zake. Mume alikuwa na juma zima la kuwaza hewa ya Mwezini kwa sababu kuna mtu alikuwa akiwaza mkate wa jioni.

Na kuna upande wa Tsiolkovsky ambao hatutaufunika. Aliandika pia kwamba jamii ya baadaye ichague nani azae na nani asizae, ili watu wanaoonekana dhaifu au wenye kasoro wapungue mpaka waishe. Mawazo ya namna hiyo yalikuwa na wafuasi wengi Ulaya na Marekani wakati ule, na yaliumiza watu wengi. Aliyeyaandika alikuwa kiziwi tangu utoto, aliyefukuzwa shule kwa ulemavu wake. Katika makao yake ya angani, kwa kipimo chake mwenyewe, mtoto kama yeye alivyokuwa akiwa na miaka 10 asingekuwa na nafasi. Jambo hili lina uzito hata leo, maana nyumba iliyofungwa Mwezini haitakuwa na nafasi nyingi, na kuna mtu atakayeamua nani aingie.

Heshima zilikuja uzeeni. Mwaka 1932, alipotimiza miaka 75, serikali ya Kisovieti ilimpa nishani. Mwaka 1933 mwongozaji wa filamu Vasily Zhuravlyov alimwomba ushauri kuhusu filamu ya safari ya Mwezini. Mzee akajaza daftari michoro: watu wakielea, chumba cha milango miwili, mimea, watu wakirukaruka juu ya Mwezi. Ni michoro ya mkono, ya haraka, yenye maelezo pembeni, kama fundi anavyomchorea mteja kwenye kipande cha karatasi. Ukiitazama unaona fikra zake kuliko katika vitabu.

Mwaka 1935 walimrekodi sauti Kaluga, na tarehe 1 Mei hotuba yake ikarushwa hewani katika uwanja wa Red Square mjini Moscow wakati wa sherehe za wafanyakazi. Alieleza imani yake kwamba watu watasafiri angani, na kwamba wengine kati ya waliokuwa wakimsikiliza wataliona jambo hilo. Mtu aliyeishi karibu bila sauti, sauti yake ikasikika na umati. Septemba 19 mwaka huo huo alifariki Kaluga kwa saratani ya tumbo, siku mbili baada ya kutimiza miaka 78. Filamu ilianza kuonyeshwa mwaka uliofuata.

Miaka 22 baada ya kifo chake satelaiti ya kwanza ilizunguka Dunia. Oktoba 1959 chombo cha Kisovieti, Luna 3, kilipiga picha upande wa Mwezi ambao hatuuoni kamwe kutoka hapa. Kwenye picha hizo zenye ukungu palionekana shimo kubwa lenye sakafu nyeusi, upana wake unafika karibu kilomita 185. Likapewa jina lake.

Wazo la nyumba nalo lilipata mafundi. Katika miaka ya 1960 na 1970, ofisi ya mhandisi Vladimir Barmin mjini Moscow ilisanifu makao ya Mwezini ya vyumba vya chuma vilivyounganishwa, vifunikwe kwa udongo wa Mwezi wenyewe. Udongo huo ungewakinga watu na mionzi ya jua, vijiwe vinavyoanguka kutoka angani, na joto na baridi vinavyopokezana. Hayakujengwa, maana Wasovieti waliachana na safari ya kupeleka watu Mwezini. Lakini huko Krasnoyarsk, Siberia, walijenga chini ya ardhi nyumba ya chuma iliyofungwa kabisa, wakaiita BIOS-3. Kuanzia mwishoni mwa 1972, watu watatu kwa zamu waliishi humo katika jaribio la siku 180, wakivuta hewa iliyotengenezwa na ngano, mboga na mwani. Hewa ilitosha. Chakula, sehemu yake bado kilitoka nje, hasa nyama.

Beijing, kwenye chuo kikuu cha Beihang, Wachina nao wakajenga yao na kuipa jina la Kasri la Mwezi. Wanafunzi wanane, katika makundi mawili ya watu wanne wanne, walipokezana kukaa humo siku 370, wakilima ngano na mboga, wakisafisha maji yao wenyewe. Kundi la kwanza liliingia na kufunga mlango Mei 2017, mwaka ule ule mwalimu wa Kaluga aliouandika katika kitabu chake.